Beringi ya saa tisa usiku na hesabu ya cheti cha ufundi mitambo

Saa tisa usiku, kinu cha sembe kimesimama. Mota ya feni imekuwa ikilia tangu jioni, mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga, na sasa shafti haizunguki kabisa. Fundi wa zamu ameshaing'oa beringi ya zamani kwa pula, kile chombo cha kuvutia. Mpya iko mkononi, ndiyo kwanza inatolewa kwenye karatasi yake ya mafuta, namba yake 6308 C3. Msimamizi yuko nyuma yake na simu sikioni, anamwambia mwenye kiwanda, "Dakika kumi tu, bosi."

Fundi anatafuta bomba la kugongea. Lililopo ni la inchi mbili. Analijaribu, linayumba, analiweka chini. Anachukua patasi butu na nyundo, anaanza kugonga ringi ya nje: upande huu mara mbili, upande ule mara mbili.

Beringi inaingia. Mota inawashwa, inazunguka kimya. Dakika kumi na mbili.

Wote wanafurahi, na beringi imeshakufa.

Kila pigo la ringi ya nje limepita kwenye gololi kabla ya kufika ringi ya ndani, iliyokuwa imeng'ang'ania shafti. Gololi zimeacha vishimo kwenye njia zinamozunguka, vidogo kiasi kwamba jicho halivioni. Baada ya wiki sita au nane mlio ule ule utarudi, na mtu atasema beringi za siku hizi ni feki. (Feki zipo, tena nyingi. Lakini nyundo imeua nyingi zilizokuwa halali.)

Swali lililoniganda kwa wiki kadhaa ni hili: fundi huyu akienda kusomea cheti cha ufundi mitambo, hesabu yake italipa? Jibu la haraka la kila mtu ni ndiyo, soma, cheti ni cheti. Nilipoiweka hesabu yenyewe kwenye karatasi, mara ya kwanza ilikataa.

## Ada ndiyo inayotajwa, siku ndizo zinazolipwa

Ukiuliza gharama, utatajiwa ada. Kwenye vyuo vya VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, kozi ndefu imezoeleka kuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Ni pesa ndogo kwa sababu Serikali inabeba sehemu kubwa. Vyuo binafsi vina bei zake, na huko lazima uulize mpaka senti: mtihani umo au haumo, vifaa vya vitendo vimo au havimo.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu, weka zako. Fundi msaidizi wa deiwaka analipwa Sh15,000 kwa siku na anapata siku 22 kwa mwezi. Hiyo ni Sh330,000.

Akiacha kazi akasome miezi kumi, anaacha Sh3,300,000.

Ada ya bweni ni Sh120,000. Ovaroli, buti za chuma, daftari, nauli za kwenda fildi, spana zake mwenyewe na matumizi ya hapa na pale, tuseme Sh700,000. Jumla ni Sh4,120,000. Ile ada iliyokuwa ikitajwa peke yake haifiki hata asilimia tatu ya mzigo wote.

Kwa hiyo anayekwambia "VETA ni bei rahisi" anasema kweli kuhusu VETA. Kuhusu wewe bado hajasema kitu.

## Mshahara mpya ukipita kwenye makato

Tuseme akirudi na cheti anaajiriwa rasmi kwa Sh450,000. Ongezeko ni Sh120,000 kwa mwezi. Gawanya Sh4,120,000 kwa Sh120,000, unapata miezi 34. Karibu miaka mitatu, si mbaya.

Ila hiyo Sh450,000 haifiki mfukoni.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unachukua asilimia 10, yaani Sh45,000. Inabaki Sh405,000. Kodi ya mshahara, PAYE, haigusi Sh270,000 za kwanza. Juu ya hapo, kwa daraja lake, ni asilimia 8. Asilimia 8 ya Sh135,000 ni Sh10,800. Mkononi anapokea Sh394,200.

Deiwaka alikuwa akipokea Sh330,000 kavu. Ongezeko halisi ni Sh64,200, na sasa gharama ile ile inahitaji miezi 64 kurudi. Miaka mitano na kitu.

Hapa ndipo vijana wengi wakihesabu hukunja karatasi. Ukimsikia mtu mtaani anasema "cheti cha nini, mimi nakula kila siku," usimwone mjinga. Kwa namba hizi yuko sahihi.

## Unaacha kazi gani?

Kilichoifungua hesabu yangu ni zile siku 22.

Nani amezihakikisha? Kiwanda cha kuchambua pamba kina msimu. Kiwanda cha sukari hufunga kwa matengenezo, na deiwaka wa uzalishaji hurudi nyumbani. Kinu cha sembe kikikosa mahindi hakihitaji fundi msaidizi. Ukimuuliza deiwaka anapata kiasi gani kwa mwezi, anakutajia mwezi mzuri. Muulize kwa mwaka.

Tuseme ni miezi minane yenye kazi. Kwa mwaka ni Sh2,640,000. Mshahara wa Sh394,200 kwa miezi kumi na miwili ni Sh4,730,400. Tofauti ni Sh2,090,400, yaani Sh174,200 kwa kila mwezi. Na kilichopotea kwa miezi kumi ya masomo si Sh3,300,000 tena, ni Sh2,200,000. Gharama yote inashuka hadi Sh3,020,000. Gawanya: miezi 17 na ushei.

Cheti hakijabadilika, chuo na mshahara ni vile vile. Miezi 64 imegeuka 17 kwa sababu ya ukweli kuhusu kazi inayoachwa.

Halafu kuna yale yasiyoonekana kwenye bahasha. Kwenye NSSF, kwa mgawanyo wa kawaida, mwajiri anaongeza asilimia 10 yake, kwa hiyo kila mwezi Sh90,000 zinaingia kwa jina lako. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 yenye malipo, saa za ziada kwa mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Ukiumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake unatoka kwa mwajiri peke yake. Kwa mtu anayefanya kazi kati ya mikanda na giaboksi, vidole vyake kumi ni sehemu ya hesabu. Deiwaka wengi sheria inawagusa pia, lakini mtu asiye kwenye orodha ya malipo ataanza kwa kuthibitisha kwamba siku ile alikuwepo.

## Kile hasa unachokinunua

Turudi kwenye 6308, maana bila hiyo tunajadili karatasi tu.

Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu: 08 mara 5 ni milimita 40. Nje ni 90, upana 23. Shafti yake, ikiwa imekerezwa kwa kiwango cha m6, ni nene kuliko 40 kwa mikroni 9 hadi 25 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Tundu la beringi nalo linaweza kuwa dogo kuliko 40 kwa mpaka mikroni 12. Ndiyo maana haiingii kwa mkono, na haitakiwi kuingia kwa mkono. Ringi ya ndani ikilegea itazunguka juu ya shafti na kuila.

Sasa ipashe moto. Ringi ya milimita 40 ikitoka nyuzi 30 kwenda 110, tundu lake linafunguka kwa mikroni 38 hivi. Ukijumlisha kikomo cha juu cha shafti na kikomo cha chini cha beringi unapata 37. Inatosha, kwa shida. Beringi inateleza yenyewe kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda, lakini ukisitasita sekunde chache inakukamata katikati. Ikifika kwenye bega la shafti, ishikilie ikiwa imebanwa mpaka ipoe, kwa sababu inapopoa inasinyaa upana pia na kuacha upenyo.

Hita ya umeme ya beringi ni ghali. Sufuria ya oili safi juu ya jiko inafanya kazi, ukiwa na kipimajoto, na beringi ikining'inia kwenye waya. Ikilala kwenye kitako cha sufuria, upande mmoja unaungua. Usivuke nyuzi 120. Moto wa gesi usiuelekeze kwenye chuma chenyewe, utaulainisha ugumu wake kwa madoa. Na hii ni kwa beringi ya wazi. Yenye sili za mpira na grisi yake ndani haitumbukizwi kwenye oili.

Na kama ni lazima kugonga? Chagua bomba. La chuma la inchi moja na nusu lina upana wa nje wa milimita 48 hivi, linakaa vizuri kwenye ringi ya ndani ya 6308. La inchi mbili lina 60, ukingo wake unavuka ringi na kukaa juu ya keji, kizimba kinachoshika gololi. Bomba lililokuwa pale kinuni halikufaa tangu mwanzo. Kipande sahihi cha sentimita 20 kingekaa kwenye boksi la zana miaka yote.

Grisi nayo ina kipimo: kipenyo cha nje mara upana mara 0.005. Yaani 90 × 23 × 0.005, gramu 10 na kidogo. Pampu ya grisi haisomi gramu, kwa hiyo pampu mara kumi kwenye kipande cha nailoni, pima kwenye mizani ya duka, gawanya kwa kumi. Anayepampu mpaka grisi itokee upande wa pili anadhani anaihudumia mota. Beringi iliyojaa inakoroga grisi, inachemka, na grisi nyingine inaishia kwenye waya za mota.

Beringi hii ina uwezo wa kubeba mzigo wa kilonyutoni 42 hivi kwenye jedwali la mtengenezaji. Ibebeshe sehemu moja ya kumi ya hapo, izungushe mara 1,450 kwa dakika, hesabu ya kawaida inakupa saa 11,500 ambazo beringi 90 kati ya 100 zitazivuka. Ni miezi 16 usiku na mchana, nayo ni kwa mzigo mkubwa kuliko ule ambao feni nyingi huutoa.

Miezi 16, dhidi ya wiki sita.

Haya yote yanafundishika kwa siku mbili za vitendo. Ongeza kupanga mota na pampu kwenye mstari mmoja kwa dayo geji (saa ya kupimia), kukagua mguu wa mota usiokanyaga sawa kwa fila (vibati vya kupimia upenyo), kubana mkanda mpaka usukumwe milimita 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli, kupima insulesheni ya mota kabla ya kuiwasha baada ya mvua. Ukitembelea chuo kabla ya kulipa, omba kuiona karakana. Kama hawana dayo geji hata moja, au wanayo imefungwa kabatini na vumbi juu ya kufuli, hesabu yote niliyoifanya hapo juu haikuhusu.

## Anayelipwa kwa kuharibika

Jambo hili ndilo lililonisumbua zaidi, na bado sijalimaliza.

Fundi wa nyundo anaitwa mara sita au zaidi kwa mwaka kwenye mota ile ile. Fundi wa sufuria ya oili anaitwa mara moja, pengine asiitwe. Kama malipo ni kwa kila wito, nani anakula vizuri?

Mwenye kiwanda anayelipa kwa wito ananunua uharibifu bila kujua. Na fundi mwenye cheti akiingia hapo, ujuzi wake unapunguza kipato chake mwenyewe. Nadhani hii ndiyo sababu baadhi ya wenye vyeti hurudia nyundo baada ya mwaka mmoja. Ukiwauliza, wanajua kabisa kanuni. Kiwanda kimewafundisha kanuni nyingine.

Upande wa pili una hesabu yake. Kinu cha tani mbili kwa saa, tuseme kila tani inaacha Sh60,000 baada ya mahindi, umeme na mifuko. Saa sita za kusimama ni Sh720,000. Mara sita kwa mwaka ni Sh4,320,000, kwa mota moja. Nyongeza ya Sh120,000 kwa mwezi kwa fundi ni Sh1,440,000 kwa mwaka, na hata ukiweka mchango wa NSSF juu yake bado kiwanda kinabaki na faida kubwa.

Lakini ni kiwanda gani kinachoandika saa za kusimama? Siku ya usaili, kabla ya kutaja mshahara unaoutaka, uliza swali moja: mwezi uliopita mashine zilisimama saa ngapi? Wakikujibu kwa namba, hapo cheti kina mnunuzi. Wakicheka na kusema "hapa kazi haisimami," taja bei ya siku na uendelee kutafuta.

## Njia isiyopita bwenini

Kwa aliyekwisha kaa kiwandani miaka kadhaa, kuacha kazi akasome kuanzia ngazi ya kwanza ni kulipia tena kile alichokwisha kulipia kwa jasho. VETA inao urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa kazi unayoifanya, mapengo yako yanajazwa kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti.

Rudia hesabu. Siku kumi bila kazi ni Sh150,000. Ada na nauli, tuseme Sh200,000. Jumla Sh350,000. Cheti kikikuongezea Sh60,000 tu kwa mwezi, gharama imerudi ndani ya miezi sita.

Kinachowaangusha watu kwenye upimaji wa namna hii mara nyingi ni maelezo, mikono iko sawa. Fundi anaifunga giaboksi vizuri, akiulizwa kwa nini ameweka shimu, kile kibati cha kujazia nafasi, ya unene ule, anasema "ndivyo inavyokaa." Usomaji wa mchoro nao unasumbua, pamoja na usalama: kuzima swichi kuu, kuweka kufuli lako mwenyewe, funguo mfukoni mwako, kisha kujaribu kuwasha ili uthibitishe kwamba haiwaki. Wengi huishia kwenye kuzima.

Na kuna mlango ambao ujuzi peke yake haufungui. Kazi za kufunga mifumo ya umeme zinahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni inaanza na cheti. Ngazi ya tatu nayo, kwa masharti ya chuo husika, inaweza kukuingiza kwenye stashahada. Ukiitaka njia hiyo, utalipa muda mrefu zaidi, na ni vizuri ujue hivyo tangu mwanzo.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hawalitumii: mwajiri wako, akiwa na wafanyakazi kumi au zaidi, tayari analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, kwa asilimia ya mishahara yote. Hairuhusiwi kuikata kwako, na sehemu yake inaenda VETA. Kwa hiyo unapomwomba akuruhusu siku kumi za upimaji unamwomba atumie kitu ambacho amekwisha kukilipia. Mwambie hivyo hivyo, kwa heshima, ukiwa na karatasi ya saa za kusimama mkononi.

## Daftari

Karatasi hiyo inatoka wapi, kama kiwanda hakiandiki?

Daftari la Sh1,000. Safu sita: tarehe, mashine, saa iliyosimama na saa iliyowaka, kilichoharibika, namba ya spea, ulichokifanya. Usiandike "beringi mbovu." Andika "6308 C3, upande wa feni, vishimo kwenye njia ya ringi ya ndani, vimeachana kwa nafasi sawa." Vishimo vya nafasi sawa na gololi ni alama ya nyundo au ya kusimama muda mrefu kwenye mtikisiko. Lakini njia yote ikiwa imechubuka sawasawa na grisi imegeuka kijivu, hapo shuku vumbi. Beringi ya zamani usiitupe. Ikate kwa grainda, ifungue, piga picha kwenye mwanga wa pembeni, bandika nyuma ya ukurasa.

Yule fundi wa saa tisa usiku angeanza na ile aliyoing'oa. Iko bado kwenye ndoo ya vyuma chakavu mlangoni, na nani aliifunga mara ya mwisho, na lini, hakuna anayekumbuka.